Kioo cha Shiraz na Ubao wa Msasani

Kila panapozuka mjadala juu ya utamaduni wa taifa letu, hapakosi mtu wa kuuliza: je, sanaa hii ni yetu au tumeiazima? Swali hilo limeulizwa juu ya taarab, juu ya muziki wa dansi, hata juu ya milango ya nakshi ya Unguja na Bagamoyo. Lakini ni nadra kuulizwa kwa ukali kama linavyoulizwa juu ya picha za Tingatinga, ambazo chimbuko lake ni Msasani, katika pwani ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam.

Wanaozitilia shaka picha hizo wana hoja nne, nazo tutazieleza kama wanavyozieleza wenyewe. Ya kwanza, ubao unaochorewa hutoka kiwandani. Ya pili, rangi yake ni ile ya kupakia baiskeli. Ya tatu, mnunuzi wake tangu mwanzo amekuwa mgeni. Na ya nne, ambayo huonekana kuwa nzito kuliko zote, sanaa yenyewe ilianza mwaka 1968, nasi tuna wazee wengi waliozaliwa kabla yake. Kwa sababu hizo wapo walimu ambao, wanapofundisha historia ya sanaa, huanzia michoro ya mapangoni ya Kondoa, wakapita kwenye vinyago vya Kimakonde, kisha wakanyamaza. Tingatinga huachiwa watalii.

Sisi hatukubaliani na ukimya huo, lakini pia hatudhani kwamba hoja hizo zinajibiwa kwa kuzibeza. Ni heri zipimwe. Na ili tuzipime bila ya upendeleo, tutaanza mbali na nyumbani, katika nchi ambayo hakuna anayeshuku ukongwe wa sanaa yake, nayo ni Uajemi.

Wairani wanayo sanaa ambayo kwa lugha yao huitwa uchoraji wa nyuma ya kioo. Neno lao la uchoraji, nakashi, ni ndugu wa neno letu nakshi, kwani yote mawili yametokana na Kiarabu; na neno lao la kioo ndilo lililotupa sisi shisha. Mchoraji wa sanaa hiyo huchukua kipande cha kioo kitupu, akakichora upande mmoja, kisha akakigeuza, ili mtazamaji aione picha kupitia upande wa pili ambao haukuguswa na brashi. Kioo chenyewe kinakuwa kinga ya picha na wakati huo huo mng'aro wake.

Ugumu wa kazi hiyo uko katika mpangilio wake. Mchoraji wa kawaida hutanguliza mandhari ya nyuma, akaweka umbo juu yake, akamalizia kwa vitu vidogo vidogo kama vile mboni za macho, nyusi na mapambo ya nguo. Mchoraji wa kioo hufanya kinyume. Mboni hutangulia, kisha jicho, kisha uso, na mandhari ya nyuma huja mwisho kabisa na kuvifunika vyote. Akitaka kuandika jina au aya, huna budi kumwona akiiandika kinyumenyume. Na akikosea jicho, hawezi kulirekebisha baada ya kuupaka uso, maana jicho limekwisha kuzikwa chini ya rangi. Kwa hiyo ni lazima picha nzima iwe imekamilika kichwani kabla ya brashi kugusa kioo.

Sanaa hii ilistawi sana Uajemi katika karne ya 18, wakati Karim Khan wa ukoo wa Zand alipotawala kutoka mji wa Shiraz, mji ambao jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa pwani yetu. Iliendelea kustawi chini ya wafalme wa Qajar, waliotawala hadi mwaka 1925. Katika nyumba za wakubwa vioo hivyo vilipamba kuta na dari, vikiwa na maua na ndege, au sura za mabibi na mabwana waliovaa vizuri. Baadaye sanaa hiyo ikashuka kwa watu wa kawaida. Mafundi wa mitaani walichora masimulizi ya Karbala na sura za maimamu, picha zikatundikwa majumbani na katika vibanda vya maji ya sadaka vilivyokuwa kando ya barabara.

Sasa na tuulize swali lile lile tulilolianza: sanaa hiyo ni ya Waajemi? Ukifuatilia usuli wake utakuta kwamba uchoraji wa nyuma ya kioo ulijulikana Ulaya kabla ya kustawi Uajemi. Mafundi wa Venice na wa Bohemia walikuwa wakiufanya, na vioo vyao vilisafirishwa mbali kwa biashara. Njia hizo hizo za biashara zilifikisha ufundi huo Canton, nchini China, na kutoka huko ukaingia India. Senegali nayo ikaupokea kwa kupitia Afrika ya Kaskazini, na mafundi wake wakaugeuza kuwa njia ya kuwaenzi mashehe wao, kama Ahmadou Bamba. Hata hivyo hakuna anayemnyang'anya Mwajemi kioo chake au Msenegali chake. Maua yaliyochorwa Shiraz yana mkao wa maua ya Shiraz. Kioo kilikuwa kigeni. Jicho lililokitazama halikuwa geni.

Jambo la pili la kuangaliwa ni hili. Picha za kioo za mitaani hazikuheshimiwa daima na wasomi wa Iran wenyewe. Zilionekana kuwa ni kazi za mafundi wasiosoma, za kuwapendeza watu wa sokoni. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo kundi la wasanii wa Tehran waliopitia vyuo vya sanaa lilipogeuka na kuzitazama upya alama na picha za vibanda vile vya maji, na harakati yao ikapewa jina la vibanda hivyo. Kwa hiyo katika muongo ule ule ambapo wasomi wa Tehran walikuwa wakijifunza kuiheshimu sanaa ya mitaa yao, huku kwetu mtu mmoja asiye na chuo alikuwa akinunua kopo la rangi.

Kabla ya kumfikia mtu huyo, tusimame kidogo Kunduchi. Kaskazini ya Msasani, katika pwani hiyo hiyo ya Kinondoni, yako magofu ya msikiti wa kale, na kando yake, miongoni mwa mibuyu, makaburi ya karne ya 18, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe na chokaa. Waliojenga makaburi hayo walipachika katika chokaa mabakuli ya kaure yaliyosafiri kutoka China. Mengi yameng'olewa, na mahali pake yamebaki matundu ya mviringo; lakini matundu hayo yanatosha kutuambia kwamba wazee wa pwani hii walipenda kitu king'aacho, wala hawakuona haya kukichukua kutoka ng'ambo na kukiweka mahali penye heshima kubwa kuliko pote, juu ya wafu wao. Hakuna mwanafunzi atakayesimama mbele ya nguzo ile na kuiita kaburi la Kichina. Hatudai kwamba mchoraji wetu wa Msasani alijifunza Kunduchi. Dai la namna hiyo lingekuwa hadithi tu. Tunachosema ni kwamba tabia ya kukipokea kitu kigeni na kukipa kazi ya kienyeji haikuanza mwaka 1968.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi, katika kijiji kilichoitwa Namochelia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Hapa yafaa tuseme neno juu ya jina, kwa sababu wanafunzi huchekeshwa nalo: Tingatinga ni jina la ukoo wake, wala halikutokana na lile trekta la kusukumia udongo. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zake, aliondoka kwao kutafuta kazi ya mshahara. Mwaka 1955 alikwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, ambako jasho la watu wa kusini limemwagika sana. Miaka minne baadaye alifika Dar es Salaam.

Jiji alilolifikia lilikuwa limegawanywa na ukoloni kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Oysterbay, penye upepo wa bahari na bustani. Waafrika walikaa Kariakoo, Magomeni, Temeke, na katika vijiji vya pembezoni vilivyokuwa vikimezwa na mji polepole. Wageni kutoka kusini waliingia kwa barabara ya Kilwa inayopita Temeke, na wengi wao waliweka makazi huko huko walikofikia. Tingatinga alipata kazi ya bustani katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kiingereza, na makazi yake yakawa Msasani, kijiji cha wavuvi na wakwezi kilichopakana na Oysterbay. Umbali kati ya bustani aliyoitunza na kibanda alichokilalia ulikuwa wa kutembea kwa miguu. Ni muhimu tuukumbuke umbali huo, kwa kuwa sanaa yote tunayoizungumzia ilizaliwa ndani yake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ofisa yule aliondoka na kazi ikaisha. Tingatinga alibaki kufanya vibarua vya hapa na pale, kuuza matunda na mboga, na kupiga muziki. Wakati huo serikali changa ilikuwa imeanza kuushughulikia utamaduni kwa dhati. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha lililotutaka tujitegemee. Lakini, kusema kweli, hakuna wizara iliyomwagiza Tingatinga achore. Alichora kwa sababu alihitaji fedha, na kwa sababu aliona picha zikinunuliwa. Wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza kazi zao katika mitaa ya Dar es Salaam, naye akajiambia kwamba jambo hilo hata yeye analiweza.

Mwaka 1968 akaanza. Hakuwa na turubai ya wachoraji wala rangi za wachoraji, ambazo ziliagizwa kutoka nje na bei yake haikuwa ya mtu wa kibarua. Alichukua vipande vya mbao zile nyembamba za kiwandani ambazo mafundi wa ujenzi huzitumia kwenye dari, yaani silingi bodi, akavikata mraba, kila upande ukiwa karibu na sentimita 60. Rangi alizonunua ni za mafuta, zile za makopo madogo zinazotumika kupakia baiskeli. Mtu anaweza kuuona uchaguzi huo kuwa ni wa umaskini tu, na umaskini ulikuwamo. Lakini na tuangalie ulichozaa.

Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa upole kama rangi ya wachoraji wa vyuoni. Hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, na mpaka kati ya rangi moja na nyingine huwa mkali kama ukingo wa kisu. Mtu anayejaribu kuitumia kuchora vivuli na umbali hushindwa. Tingatinga hakujaribu. Aliupaka ubao mzima rangi moja, akauanika ukauke. Juu yake akaweka mnyama mmoja, chui au tembo au kiboko au ndege mkubwa, aliyejaza ubao karibu wote. Akamwacha naye akauke. Ndipo akaanza madoa, mistari, kucha na manyoya, na mwisho macho. Kila tabaka lilisubiri la kwanza likauke. Aliyefahamu kazi ya kioo cha Shiraz ataona kwamba hapa mpangilio ni ule ule, ila umepinduliwa: linalotangulia kule huja mwisho huku. Na ataona pia kwamba mafundi wa pande zote mbili, bila ya kujuana, walifikia matokeo yanayofanana, yaani umbo lililo bapa, lisilo na kivuli, lenye pambo kila mahali, linalong'aa ukutani kana kwamba limetoka kuoshwa.

Picha hizo zilihitaji soko, na soko lilikuwa Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, ambako wageni na watumishi wa balozi walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Mkewe, Agatha Mataka, alikaa hapo akiziuza. Picha zikapendwa. Baada ya muda si mrefu kampuni ya umma ya National Arts of Tanzania nayo ikaanza kuziuza kazi zake. Mchoraji mwenyewe wakati huo alikuwa amepata kazi ya msaidizi katika hospitali ya Muhimbili. Hata alipokuwa anajulikana, hakuthubutu kuutegemea ubao peke yake.

Watafiti wamebishana sana juu ya mahali alikoipata sanaa yake. Wapo wanaosisitiza picha za Wakongo. Wapo wanaokumbusha kwamba huko kusini, alikotoka, watu walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba za udongo kwa michoro ya wanyama na watu, na kwamba ukuta huo ndio aliouhamishia kwenye ubao. Hoja zote mbili zina uzito, na hazipingani. Lakini tunakiri kwamba hatuvutiwi sana na juhudi za kumtafutia Tingatinga babu wa kale ili apate kibali cha kuitwa Mtanzania halisi. Juhudi hizo, ingawa zimejaa nia njema, zinakubali kimyakimya dai la wapinzani kwamba sanaa isiyokuwa na miaka mia haina haki. Mwajemi wa kwanza aliyechora ua kwenye kioo cha Venice hakuwa na babu aliyefanya kazi hiyo.

Kilichomfanya Tingatinga awe mwanzo wa kitu, wala asiwe fundi mmoja aliyechora akapita, ni wanagenzi. Picha zilipozidi kutakiwa, aliwaita jamaa zake waliokuwa Dar es Salaam, wengi wao watu wa Tunduru: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi. Mwanzoni hakumfundisha mtu asiye wa ukoo. Wanafunzi wetu waliozoea madarasa wangeshangaa, lakini ndivyo kunga za ufundi zilivyorithishwa kwetu tangu zamani, iwe kwa mhunzi, kwa mganga au kwa fundi wa jahazi. Mwanagenzi alianza kwa kujaza rangi ya nyuma, akapanda hadi kwenye umbo. Hakupewa nadharia yoyote. Alikaa karibu na fundi, akatazama mkono.

Mwaka 1972 mambo yakakatika ghafula. Usiku mmoja Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake, na polisi, wakidhani kwamba waliomo ni wahalifu wanaotoroka, wakalifyatulia risasi. Mchoraji akafa. Alikuwa na umri wa miaka kama 40, na alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika maandishi mengi, pengine kwa kuwa linatia uchungu na hakuna namna ya kulipamba. Sisi tunalitaja kama lilivyo, kwa sababu mwanafunzi wa historia anapaswa kujua kwamba mtu ambaye picha zake leo zinawakilisha nchi mbele ya wageni aliuawa kwa makosa na watu wa dola katika jiji hilo hilo.

Laiti sanaa ile ingekuwa ya mtu mmoja, ingalikwisha siku hiyo. Haikuisha. Wanagenzi walirudi Morogoro Stores, wakakaa chini ya mti, wakaendelea kuchora. Nao wakawafundisha jamaa zao, na jamaa wakawafundisha majirani, hata uzio wa ukoo ukavunjika. Mpata alihamia Nairobi, akachora huko hadi alipofariki mwaka 1984; kazi zake zilipendwa mno Japani, na hoteli moja ya watalii katika Maasai Mara imepewa jina lake. Mwaka 1990 wachoraji wa Msasani waliandikisha chama chao cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, na makao yake yakawa hapo hapo, kando ya Barabara ya Haile Selassie.

Katika miaka hiyo picha zenyewe zilibadilika. Mnyama mmoja aliyekaa peke yake juu ya rangi moja alipata wenzake. Wakaja ndege wengi juu ya matawi yenye maua, wakaja samaki, wakaja mashetani waliotoka kwenye vinyago vya Kimakonde. Mohamed Charinda alichora vijiji na masimulizi yake. Hospitali, soko, harusi na daladala vikapata nafasi. Ubao nao ukaachwa kwa sehemu kubwa, kwa sababu msafiri hawezi kuukunja. Wachoraji wakahamia kwenye kitambaa kilichowambwa juu ya fremu, kinachoweza kuviringishwa na kuwekwa sandukuni. Hapo mnunuzi mgeni ameigusa sanaa kweli kweli. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba vioo vya Canton vilichorwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ulaya, na kwamba maua ya Shiraz yalichorwa kwa ajili ya matajiri waliolipa. Sanaa isiyo na mnunuzi ni chache kuliko tunavyodhani.

Hatutaki kuficha udhaifu uliopo. Mtu akipita kwenye vibanda vya picha vya Dar es Salaam, Arusha au Unguja, atakutana na twiga yule yule aliyerudiwa mara mia, jua lile lile jekundu, na mkono uliochoka. Urudiaji huo ni ugonjwa wa kila sanaa inayouzwa haraka. Baya zaidi ni uwongo: bei ya kazi za Tingatinga mwenyewe ilipopanda, zilitokea mbao nyingi zenye sahihi yake ambazo hakuzigusa kamwe. Anayetaka kuihukumu sanaa kwa twiga wa vibandani ana ruhusa, ili mradi akubali pia kuihukumu ushairi wetu kwa tenzi za kadi za harusi.

Yafaa pia tuilinganishe sanaa hii na ile iliyopata elimu. Taifa letu lilikuwa na mchoraji mwenye heshima kubwa, Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Kilimanjaro, akasoma na kufundisha Makerere, akasoma pia Slade ya London, akawa mwakilishi wetu Uingereza mara baada ya Uhuru, na baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni. Alichora watu wa kijijini kwao wakilima, wakivuna na kusaidiana. Kwa mujibu wa vipimo vyote vya siasa ya utamaduni ya wakati ule, Ntiro alikuwa mchoraji wa taifa. Lakini ukimwuliza mtu wa Mbagala au wa Tandale akutajie picha ya Kitanzania, atakutajia Tingatinga. Hatusemi hivyo kumshusha Ntiro. Tunaona tu kwamba mmoja alikuwa na vyuo vitatu nyuma yake na mwingine alikuwa na jamaa sita kando yake, na wale sita ndio waliozaa mia.

Limebaki suala la haki. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na sheria hiyo humlinda mchoraji aliyechora picha fulani. Lakini mtindo ni wa nani? Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa Uingereza filamu ya katuni ya watoto iliyoitwa Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, yenye wanyama waliochorwa kwa namna ya picha za Msasani. Watoto wa nchi nyingi waliipenda, na wengi wao huenda hawajui kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, wala kwamba mtu huyo alitoka Tunduru. Sheria humjua mtu mmoja mwenye kalamu moja. Haina lugha nzuri ya kukizungumzia kitu kilichofanywa na mia kwa kupokezana. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kazi ya wanasheria na ya wizara, kuliko kuendelea kubishana iwapo ubao ulitoka kiwandani.

Na hoja ile ya umri, ya mwaka 1968, inaendelea kupungua uzito yenyewe. Wapo wachoraji leo ambao walifundishwa na watu waliofundishwa na wanagenzi wa kwanza. Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili darasani hahitaji vitabu vingi. Awachukue wanafunzi wake hadi Barabara ya Haile Selassie asubuhi, wakati mbao na vitambaa vilivyopakwa rangi ya nyuma vinapoanikwa, naye asiwaambie chochote juu ya utamaduni. Awaombe tu watazame pembe ya chini ya kila picha, wasome jina lililoandikwa hapo, kisha wamwulize mwenye jina: nani alikufundisha? Mara nyingi atainua brashi na kumwonyesha mtu aliyeketi karibu naye.